Mama Mbeleko Hajayeyuka

Jumanne

Daftari hili lilikuwa la mwanangu. Nusu ya mwanzo ni hesabu zake za darasa la sita, na kalamu nyekundu ya mwalimu imepita kila mahali, maana mtoto wangu na hesabu walikuwa paka na panya. Nusu ya pili ni tupu. Nimeichukua mimi.

Daftari rasmi la Mama Mbeleko liko rafuni. Humo fundi huandika yanayotakiwa tu: udongo ulichimbwa wapi, mvua ilianza lini, Mama alichipua siku ya ngapi. Marehemu mama yangu aliandika misimu thelathini na sidhani kama alimaliza kurasa nne. Baada ya mavuno Karani huyasoma mbele ya watu wote. Basi ya kusomwa nitayaandika kule, na yangu nitayaandika huku.

Leo nimeanza kukanda udongo wake. Miaka yote nikikanda, mwanangu alikaa kwenye kigoda akitaka hadithi ile ile, hata alipokuwa mtu mzima, mke wa mtu. Mwaka huu hakuna wa kuniomba, kwa hiyo naiandika, nisije nikaimeza ikanikaba.

Zamani dunia ilikuwa kavu na ngumu kama kigae. Mama Mbeleko akaizunguka na mbegu zote mgongoni, kazifunga kwenye mbeleko, anatafuta pa kuziweka, na kila mahali ardhi ikamkatalia. Mwisho akachoka. Akakaa chini, akazimeza zote, akaiambia mvua, ninyeshee mpaka nisibaki. Mvua ikamnyeshea siku nane, akayeyuka. Pale alipokuwa amekaa pakaota kila tunachokula leo. Mwanangu alikuwa anauliza kila mara, iliuma? Na mimi kila mara nikamjibu, miungu haiumwi, hebu nipe maji hayo.

Ndiyo maana kila mwaka namfinyanga kwa udongo mbichi, usioonja moto. Anakaa, mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, tumbo wazi ndani. Kila nyumba inatoa konzi moja ya mbegu, zinaingia tumboni. Mvua ya kwanza tunamweka juu ya jiwe uwanjani, bila paa. Akiyeyuka na mbegu zikachipua, watu wanapanda. Kabla ya hapo hakuna anayedondosha hata punje.

Jumatano

Nimechekecha mchanga. Jua kali. Sikula.

Ijumaa

Mkwe wangu ameleta kuni. Analeta kila wiki, sijamwagiza. Ameniamkia, nikaitika bila kuinua uso. Alikuwa na mtoto mkononi, kajukuu kangu ka miezi minne, kamevikwa sweta la kumzidi. Akaniuliza kama nitamshika kidogo. Nikasema mikono yangu michafu. Mikono yangu ni michafu siku zote, ndiyo kazi yenyewe, na kwa miezi minne imenisaidia sana.

Nayaandika wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kuniona. Uchungu ulimwanza mwanangu jioni. Huyu bwana akakaa naye nyumbani mpaka kukapambazuka, ndipo akaenda kutafuta gari. Kliniki wakaniambia, mama, mngewahi mapema hata kwa saa tatu tu. Na mimi nilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao, nimelala usingizi wa pono. Hakuja kuniita. Kila nikimwona na kuni zake begani, nazisikia zile saa tatu.

Jumapili

Sheria ya uso wa Mama ni moja, asifanane na mtu. Mama yangu alinifundisha: jicho la huyu, pua ya yule, mdomo wa mtu uliyepishana naye sokoni mara moja. Leo vidole vimekwenda vyenyewe. Nilipokuja kushtuka, mwanangu ananitazama. Paji lake pana, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na kovu kidevuni, alilolipata alipoangukia mdomo wa mtungi akiwa na miaka mitano.

Nilichovya kidole majini nimfute. Udongo uwahi ungali maji, ndivyo tunavyoambiwa, na nilijua nisipomfuta saa ile simfuti tena. Nikakaa na kidole kinadondosha maji mpaka udongo ukaanza kushika. Nikamfunika shuka.

Jumanne

Karani ameleta mbegu. Yeye ndiye mwangalizi wa uwanja wa Mama: ufunguo wake, kengele yake, orodha yake. Ukipiga chafya uwanjani anataka kujua ni saa ngapi. Kaleta gunia zima, konzi themanini na nne, nyumba themanini na nne, na akasema kwa fahari hakuna aliyepunja. Watu wamechambua mbegu zao bora kabisa. Nikazimimina kwa mgongoni, nikaziba. Alitaka kuona uso, nikamwambia angoje siku yake kama wenzake. Akaniambia nimekonda, nile. Kila mtu siku hizi ananiambia nile, utadhani mimi ni mbuzi wa kunenepeshwa.

Alhamisi

Nimefanya.

Nilikuwa na vyungu kumi na viwili vya wateja vya kuchoma. Wingu limekaa upande wa milimani tangu juzi na haliondoki. Kesho kutwa au mtondo mvua itakuja, nami nitamtoa mwanangu nikamweke juu ya jiwe, pua ianguke, mdomo uanguke, mbele ya watu wanaosubiri kupanda maharagwe. Nilishamzika mara moja. Sikuweza mara ya pili.

Sitaandika kwamba nilipitiwa. Kitu chenye hewa ndani hupasuka motoni, hata mtoto anayejifunza ufinyanzi wiki ya kwanza anajua. Nilichukua mwiba, nikamtoboa kitovu ili apumue. Mtu aliyepitiwa hatoboi kitovu. Nikamweka katikati ya vyungu, nikapanga kuni za mkwe wangu, nikawasha.

Kuhusu mbegu nilijiambia hivi: zilizo tumboni zitaungua, sawa, lakini majumbani zimejaa. Na mvua ni mvua. Udongo wangu haujawahi kuotesha shamba la mtu. Watangoja siku kumi, watachoka, watapanda, na yeye atabaki.

Jumamosi

Nimefungua tanuri. Chungu kimoja kimepasuka. Yeye mzima. Nilimgonga kwa ukucha akalia vizuri, yuko imara, hana ufa. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikampaka tope bichi mwili mzima ule wekundu wa moto usionekane.

Mvua, siku ya 1

Imeanza alfajiri. Wanawake wanne walikuja kumbeba, mmoja akasema mwaka huu Mama mwepesi. Nikasema udongo umekauka vizuri. Tukamweka juu ya jiwe, Karani akavuta shuka.

Watu wakatazamana. Walimtambua wote, nani asiyemjua mwanangu hapa. Nilidhani nitafukuzwa pale pale. Karani akakohoa, akatazama chini, akasema kwa upole, haya, ni siku nane tu. Wakaniachia. Walinionea huruma kwa sababu waliamini mvua itamwondoa. Mdogo wangu, anayeshona nguo jirani na mimi na ndiye anayemnywesha mtoto maziwa baba yake akiwa shambani, akanishika mkono akalia. Mkwe wangu alimtazama Mama mara moja, akageuka, akaondoka.

Siku ya 2

Kengele mara moja. Karani huenda kumtazama kila asubuhi. Akipiga mara moja, maana yake bado. Akipiga mfululizo, Mama amechipua.

Siku ya 3

Kengele mara moja. Mvua.

Siku ya 4

Kengele mara moja. Mvua nzuri, ya kutulia, ya kupandia.

Siku ya 6

Tope nililompaka limekwisha kuoshwa. Amebaki mwekundu, anang'aa, maji yanateremka mashavuni. Karani alikuja kuniuliza mbona rangi hii. Nikamwambia nilichimba ng'ambo ya pili ya shimo, udongo wa kule mkaidi, unachelewa. Akaandika. Mtu wa karatasi, udongo anaujulia wapi.

Mkwe wangu alikuwepo uwanjani, jembe begani. Nilimwona akiinama akamgusa mguu. Akakaa hivyo kitambo. Nikasema moyoni, sasa ndiyo unamshika.

Siku ya 8

Kengele mara moja. Nimepekua daftari la mama yangu. Siku ya saba, siku ya tisa, siku ya nane. Kuchelewa sana ni siku ya kumi na nne, na hapo pembeni kaandika neno moja: hofu. Mvua zetu ni siku sitini. Kisichoingia ardhini kabla ya siku ya thelathini, kukomaa kwake ni bahati. Hilo mtoto wa chekechea anakuambia.

Siku ya 9

Nimepanda. Mbegu saba za maboga, nyuma ya tanuri, mahali hapana anayepita. Si kwa ajili ya kula. Nataka kuona zinaota, ili nijue mvua ni mvua na mimi sijaua kitu isipokuwa konzi themanini na nne.

Siku ya 11

Kengele mara moja. Mdogo wangu kaja kuomba ile mbeleko aliyoinunua mwanangu, bado imekunjwa sandukuni na karatasi ya dukani. Anasema mtoto anakuwa mzito, kanga zimechakaa. Nikasema sijui iko wapi. Akanitazama, akasema, "Dada, unajua iko wapi, na mimi najua unajua." Akaenda zake. Ana ulimi huyu, tangu utotoni.

Siku ya 12

Kengele mara moja.

Siku ya 14

Kengele mara moja. Nimefikia pale mama yangu alipoandika hofu.

Fundi viatu kashindwa kuvumilia, alipanda mahindi kwa siri wiki iliyopita. Leo siri imetoka, si kwa sababu yameota, ila kwa sababu hayakuota. Hakuna hata moja. Watu walikwenda kumcheka wakarudi hawacheki, maana shamba lake halina hata magugu. Mvua siku kumi na nne na hakuna unyasi. Nilipita uwanjani nikatazama kando ya jiwe. Tope tupu.

Siku ya 16

Kuku wa mdogo wangu kalalia mayai siku zake zote na zaidi. Leo kayaacha. Mdogo wangu kayapasua moja moja, yote maji. Alinisimulia akicheka, akasema hata kuku mwaka huu kaingia mgomo. Nami nikacheka. Nilipofika ndani nikatafuta jembe dogo.

Siku ya 17

Nimefukua maboga yangu.

Zote saba zilikuwa pale nilipoziweka, kwenye udongo uliolowa mpaka unachuruzika. Zilikuwa kavu. Ganda limebadilika rangi, la kahawia, na nilipoibonyeza moja kwa kucha ikakatika. Nikainusa. Inanuka kukaangwa. Nimekaanga mbegu za maboga maisha yangu yote, harufu ile naijua hata nikiwa usingizini.

Nilikaa chini nyuma ya tanuri na mvua inanipiga. Miaka yote nimemfinyanga kwa mikono hii na sikumwamini hata siku moja. Nilidhani ni kazi, kama mtungi. Sasa najua nilichokifanya. Nilipowasha zile kuni, niliwasha kila kilicho chini ya ardhi.

Siku ya 18

Kengele mara moja. Sikutoka. Nilitaka kusema. Nilivaa viatu, nikavua.

Siku ya 20

Mkutano uwanjani, mbele yake. Karani kasema tumebakiwa na siku kumi. Watu wamechoka, na mtu akichoka anatafuta wa kumlaumu. Aliyeanza ni mama mmoja wa upande wa juu. Akasema tuulizane, mwaka huu ni nyumba ipi ilitoa konzi yake ikiwa na msiba ndani. Ni nyumba ipi mwanamke alifia kwenye uzazi, mbegu ya nyumba hiyo ikaenda ikakaa tumboni mwa Mama. Wote wakageuka kumtazama mkwe wangu.

Alikuwa na mtoto kifuani ndani ya koti. Nitaandika hata hili: kwa dakika moja nilifurahi. Nilijisikia nimeshushiwa mzigo, na nikaona amepata alichostahili. Kisha mtoto akatoa mkono nje ya koti, mkono tu, ukawa unashika mvua. Nikatazama pembeni.

Wamekata shauri. Mkwe wangu aondoke na mtoto, amepewa siku tatu, ardhi isafishike. Nami nikarudi nyumbani na midomo yangu miwili, sikuifungua.

Siku ya 21

Kengele mara moja. Mdogo wangu hasemi nami. Anamshonea mtoto nguo za safari.

Siku ya 22

Leo mchana nimekwenda kwake.

Nyumba ile sikuwa nimeingia tangu matanga. Alikuwa anafunga mizigo, vitu viwili vitatu, kitanda amekilaza ukutani. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunasemeshana kwa sauti. Mtoto kalala kwenye beseni la nguo. Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: uso, tanuri, kitovu, maboga. Nikamwambia leo hii naenda kwa Karani.

Aliendelea kukunja shati. Halafu akasema, "Najua, mama."

Nikamuuliza anajua nini.

"Kwamba umemchoma. Nimejua tangu siku ya sita. Nilikubebea udongo miaka miwili kabla hujanipa mke. Kitu kilichochomwa nikikigusa nakijua."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, watu wanamfukuza na yeye kanyamaza. Akaliweka shati chini. Akasema kila asubuhi hupita uwanjani akienda kwenye shamba asiloweza kulipanda. Anasimama, anamtazama, anajiambia atasema kesho. Kesho ikifika anaona bora amtazame siku moja zaidi. Akasema yeye hakuwa hata na picha yake.

Hapo ndipo nikamuuliza lile lililonikaa kooni miezi mitano. Usiku ule. Kwa nini hakuja kuniita.

Aliinama akamfunika mtoto miguu.

"Alinikataza. Alisema kesho mama anafungua tanuri, kuna vyungu vya watu wa mbali, amechoka, mwache alale. Alisema ikizidi ataniambia. Haikuzidi pole pole, mama. Ilizidi mara moja."

Nilishika fremu ya mlango. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote hii ninapomfanyia vile.

"Nilisema ukinichukia mimi, utakula, utalala. Ukijichukia mwenyewe..." Akasema nikae, nimelowa.

Nimekaa. Ni kweli siku iliyofuata nilifungua tanuri. Waliponijia na habari nilikuwa na chungu mkononi, bado cha moto.

Siku ya 23

Nilitoka kwake jana nikaenda moja kwa moja kwa Karani. Leo kengele haikulia mara moja wala mfululizo. Aliipiga mara tatu, ya kuita watu.

Nilichukua nyundo ya kuvunjia vigae. Nikapanda kwenye jiwe, nikawaambia. Sikuremba. Niliposema neno tanuri nikasikia watu wakivuta pumzi. Karani, kalamu mkononi, akaniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Kabla sijajibu yule mama wa upande wa juu akasema, mficha uchi hazai, akatema mate. Hakuna aliyemkanya, na kweli hakukosea.

Nilimpiga tumboni. Usoni sikuweza. Alivunjika vipande vikubwa, na mbegu zikamwagika juu ya jiwe, nyeusi tii, makaa. Watu walisogea. Kila mmoja alikuwa anatafuta zake, kana kwamba angezijua. Fundi viatu akaokota moja, akaisaga vidoleni, akajipangusa kwenye suruali. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Karani akasema maneno machache. Nitafinyanga mwingine, kesho awe tayari. Nyumba zitatoa konzi tena, mwenye nacho. Mkwe wangu haendi popote. Na baada ya huyu, mimi si fundi tena. Akauliza nani nimemfundisha kazi. Nikamwambia nilimfundisha mmoja, nikamzika. Akafunga daftari.

Siku ya 24

Nyumba themanini na nne, hamsini na moja zimetoa. Waliobaki sitawalaumu, mbegu walizonazo ndizo watakazokula. Mkwe wangu alitoa wa kwanza, kisha akavua shati akanikandia udongo.

Nilimwambia nitaweka uso wowote, wa mtu wa sokoni. Akasema, "Mfinyange yeye, mama. Mara ile hatukumuaga vizuri."

Nikamfinyanga. Nilidhani nitasahau kitu. Sikusahau hata kovu.

Siku ya 25

Tulimweka juu ya jiwe asubuhi, watu wachache, hakuna aliyeimba. Wengine wakaondoka. Mimi nikakaa kwenye kigoda mbele yake, mwavuli magotini, nikasema leo sibanduki.

Mvua ilianza na nywele, zile alama nilizochora kwa kijiti. Halafu masikio. Paji likalainika likawa la mtoto mchanga. Pua ilikwenda mchana, pole pole, halafu ghafla. Nilikuwa na mwavuli, narudia, ulikuwa hapa magotini, ningeinua mkono tu ungemtosha. Kovu lilijaa maji, likawa kama lile lile jeraha bichi la siku alipoangukia mtungi, alipokimbilia kwangu damu inachuruzika na mimi nikamwambia ngoja ninawe mikono. Kisha kidevu chote kikashuka. Jicho la kushoto, lile dogo, ndilo lililokaa mwisho. Lilinitazama mpaka karibu na jioni. Nikalitazama. Halikuwepo.

Sikuufungua mwavuli.

Niliinuka nikaweka viganja juu ya lile tope, lilikuwa la uvuguvugu, sijui kwa nini. Nilipogeuka mkwe wangu amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, mtoto analia mkononi kwa baridi. Akaninyooshea. Nilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko. Nikampokea hivyo hivyo.

Siku ya 26

Kengele mara moja. Nimeitoa mbeleko sandukuni.

Siku ya 28

Kengele mara moja. Sokoni hawanijibu salamu. Mdogo wangu ananinunulia mahitaji, ananitupia mezani, anakaa kidogo, anaondoka.

Siku ya 30

Kengele mara moja. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Siku ya 31

Kengele mara moja.

Siku ya 33

Kengele imelia asubuhi, ikalia, ikalia. Hakuna aliyekuja kuniita. Nilikuwa natembea uani na mjukuu mgongoni, naye akashtuka akaning'ang'ania shingo. Tangu amezaliwa hajaisikia ikipigwa hivyo.

Nilikwenda watu walipokwisha kutawanyika kukimbilia mashambani. Juu ya jiwe kulikuwa na kilima kidogo cha tope, na maharagwe yametoa vichwa, yamejikunja, kumi, labda kumi na tano. Karani alikuwa peke yake. Akaniambia maharagwe yatawahi, mtama huenda, mahindi tusahau. Kutakuwa na njaa, akasema, na wazee watano sita hawataifikia masika nyingine. Aliniambia bila hasira, kama anavyosoma orodha, nami nikawajua wote watano sita kwa sura zao.

Nimeandika kwenye daftari la Mama: siku ya thelathini na tatu, amechipua. Pembeni mama yangu alipoandika hofu, mimi nimeandika sababu, mistari yote, na Karani ataisoma mbele ya watu kila mwaka hata nikifa. Ufunguo wa tanuri nimempa.

Mjukuu kalala mgongoni naandika hivi. Kesho kutwa atakuwa na akili, atakaa kwenye kigoda kile, atataka hadithi ya Mama Mbeleko kama mama yake alivyotaka. Na ataniuliza kama iliuma. Nitamwambia iliuma.